Madishi mawili, kilima kimoja: kwa nini intaneti ya kijiji inasuasua

Vijiji kadhaa vilivyokuwa na mtoa huduma mmoja wa intaneti sasa vina wawili au watatu. Kwa hesabu ya kawaida, huduma ingetakiwa iwe bora kuliko zamani. Kuna mahali imekuwa mbaya zaidi. Makala haya yanaeleza mwingiliano wa masafa ni nini, unaepukwaje, na kwa nini jambo hili linaihusu serikali ya kijiji kama linavyomhusu fundi.

Msikilizaji anapopiga simu studio kulalamikia intaneti, lawama huwa mojawapo kati ya mbili. Mmoja anasema kampuni inamlia bando. Mwingine anasema ni mvua. Inawezekana wote wawili wana haki, lakini kipo chanzo cha tatu ambacho hakitajwi sana. Kilimani pameongezwa dishi jingine, na madishi hayo yanatumia masafa yaleyale. Hakuna aliyeiba, hakuna kilichoharibika. Majirani wawili wanazungumza kwa wakati mmoja, na kila mmoja anamzuia mwenzake kusikika.

Hasara yake haiishii kwenye video inayogoma kufunguka. Wakala wa pesa anayetegemea mtandao huo anamwambia mteja arudi kesho. Zahanati inayotuma taarifa zake kwa kompyuta inabaki na daftari mkononi. Shule iliyojichanga kulipia huduma ya mwezi inapata huduma ya wiki mbili. Hata redio unayoisikiliza inaweza kuguswa, kwa sababu vituo vidogo vingi hutoa sauti studio na kuipeleka kwenye mnara wa kurushia matangazo kwa madishi ya aina hiyohiyo. Sauti ikikatika huku jua linawaka, kosa linaweza kuwa kati ya studio na mnara wala si kwenye redio yako.

Intaneti inafikaje kijijini?

Mkongo wa mawasiliano hufika mjini au makao makuu ya wilaya. Kuchimba mtaro wa kilomita 20 hadi kijijini ni gharama kubwa, kwa hiyo kipande cha mwisho hufanywa bila waya. Dishi moja hufungwa mjini, jingine kilimani, yakaelekezana uso kwa uso. Jozi hiyo ndiyo mafundi wanaita kiungo. Kutoka kilimani, mawimbi yanagawiwa kwenda shuleni, zahanati, ofisi ya kata na kwa watu binafsi.

Viungo viko vya aina mbili. Vya kwanza vinatumia masafa ya leseni. Kampuni kubwa za simu ziko hapa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inampa mwombaji masafa fulani kwa eneo fulani, analipia, na mamlaka inaangalia kwamba jirani yake hapewi yaleyale mahali pamoja. Mwezi Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini. Minara ya namna hiyo inaendeshwa kwa utaratibu huo wa leseni, na migongano ikitokea yupo wa kuuliza.

Aina ya pili ni viungo vya masafa ya wazi, hasa gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Haya hayagawiwi kwa mtu mmoja mmoja. Mtoa huduma anahitaji leseni ya kutoa huduma na kifaa chake kinatakiwa kiwe kimethibitishwa, lakini hapewi chaneli ya peke yake. Watoa huduma wadogo wa vijijini, Wi-Fi za vocha, shule na vituo vidogo vya redio wako hapa. Hata mwenye intaneti ya setilaiti, ambayo Rwanda na Kenya ilianza kuuzwa rasmi mwaka 2023 kupitia Starlink, akiingia ndani ya nyumba anatumia ruta inayotoa Wi-Fi kwa masafa hayahaya.

Uwazi huo ndio ulioshusha bei ya vifaa. Marekani ilifungua mlango mwaka 1985 iliporuhusu mawasiliano bila leseni katika masafa yaliyokuwa yametengwa kwa mashine za viwandani, za kisayansi na za kitabibu. Jiko la maikrowevu linafanya kazi hapohapo, kwenye gigahezi 2.45. Ndiyo sababu mafundi wanasema gigahezi 2.4 ni uwanja wa kila mtu. Na uwanja wa kila mtu, pasipo utaratibu, huchafuka.

Mgongano unatokeaje?

Sisi wa redio tunaujua mgongano kwa masikio. Vituo viwili vya FM vikitumia masafa mamoja katika eneo moja, unasikia sauti mbili zimechanganyika au mlio wa kukwaruza. Intaneti haipigi kelele hivyo. Data hukatwa vipandevipande, na kila kipande kinachoharibika njiani hutumwa upya. Wewe unachoona ni duara linalozunguka kwenye simu. Mtandao upo, alama za mawimbi zimejaa, lakini kazi haiendi.

Vifaa vya Wi-Fi vina adabu fulani. Kabla ya kutuma, kifaa kinasikiliza kwanza kama kuna mwingine anazungumza. Kikisikia, kinangoja. Nyumbani adabu hiyo inasaidia. Vilimani inashindwa kwa sababu rahisi. Chukua vijiji viwili, kimoja upande wa mashariki wa kilima na kingine upande wa magharibi. Dishi la mashariki halisikii la magharibi, maana mlima umekaa katikati. Yote mawili yanaona kimya, yanatuma kwa pamoja, na mnara ulio juu ya kilima unapokea vurugu.

Tatizo jingine ni chaneli. Kwenye gigahezi 2.4, nchi nyingi zina chaneli 13, na mtu anayefungua menyu ya ruta anadhani ana nafasi 13. Hana. Chaneli hizo zimepishana kwa megahezi 5 tu, wakati mawimbi yenyewe yana upana wa megahezi 20 hivi. Aliye chaneli ya 3 anamgusa wa 1 na wa 5. Kwa kawaida zisizogusana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Kwa hiyo mtu wa nne akifika kilimani, lazima amkanyage mwenzake. Gigahezi 5 ina nafasi zaidi, na ndiyo maana viungo vya masafa marefu vimehamia huko, lakini nako kunajaa.

Kabla ya kulaumu jirani

Si kila kukatika ni mwingiliano, na kumshtaki jirani bila ushahidi kunavunja ujirani bure. Angalia tabia ya tatizo.

Intaneti ikizorota kila jioni saa moja hadi saa nne usiku kisha ikapona alfajiri, watumiaji huenda wamekuwa wengi kuliko uwezo wa kiungo. Ikidhoofika polepole miezi mingi, angalia miti. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba. Yanahitaji nafasi pande zote za mstari wa kuonana. Kwa kiungo cha kilomita 10 kwenye gigahezi 5.8, katikati ya safari inatakiwa nafasi tupu ya karibu mita 7 kuzunguka mstari huo. Mkaratusi uliopandwa miaka minne iliyopita unaweza kuwa umeshaingia humo. Ikizimika kabisa alfajiri na kurudi jua likichomoza, kagua betri ya sola. Na mvua, pamoja na kulaumiwa sana, inaathiri kidogo mno mawimbi ya gigahezi 5. Viungo vinavyoumizwa na mvua ni vile vya masafa ya juu zaidi ya gigahezi 10.

Mwingiliano una alama zake. Unaanza siku moja, mara nyingi siku ile kifaa kipya kilipofungwa karibu. Kipimo cha nguvu ya mawimbi kinabaki kizuri ilhali kasi inaanguka. Unakuja na kuondoka bila kufuata hali ya hewa. Ukiona matatu haya pamoja, una sababu ya kwenda kuzungumza na jirani.

Dawa zinazofanya kazi

Ya kwanza ni kutenganisha masafa. Fundi anayejua kazi yake hafungi dishi kabla ya kupima hewa. Vifaa vingi vya viungo vina programu ya kuonyesha masafa gani yana watu na yapi yana nafasi. Apime pande zote mbili za kiungo, maana hewa ya mjini na hewa ya kilimani hazifanani.

Ya pili ni kupunguza upana. Watoa huduma wanapenda chaneli pana ya megahezi 40 au 80 kwa sababu inaleta kasi kubwa kwenye karatasi. Lakini kila unapoongeza upana mara mbili, unazoa na kelele mara mbili, na unakalia nafasi ambayo jirani angeweza kuitumia. Kiungo chembamba cha megahezi 20 kisichoguswa na mtu kinaweza kushinda cha megahezi 80 kinachogombaniwa.

Ya tatu ni dishi lenyewe. Antena inayotupa mawimbi pande zote inamsumbua kila mtu na inasumbuliwa na kila mtu. Dishi la sentimita 60 kwenye gigahezi 5 linabana mawimbi yake katika pembe ya nyuzi 6 hivi. Hata hivyo, baada ya kilomita 10 mwanga huo umeshatanuka na kuwa na upana wa kama kilomita moja. Ndiyo maana unaweza kuguswa na kiungo ambacho hakikulengi wewe. Kulielekeza dishi sawasawa, kulifunga chini kidogo ya kilele ili mlima wenyewe uwe ukuta, au kutenganisha madishi kwa mita kadhaa juu na chini kwenye mnara mmoja, ni kazi za siku moja zenye faida ya miaka.

Ya nne ni mlalo wa mawimbi. Mawimbi yanaweza kutetema wima au kwa ulalo. Antena iliyopangwa kwa wima husikia kwa shida mawimbi ya ulalo. Viungo viwili vinavyokaribiana vinaweza kugawana hivyo, ingawa vifaa vingi vya sasa hutumia milalo yote miwili kwa pamoja ili kuongeza kasi, kwa hiyo dawa hii ina gharama yake.

Ya tano wakulima wa umwagiliaji wanaielewa bila kufundishwa. Ni zamu, kama ya maji mferejini. Mnara ukiwa na vifaa vitatu vilivyoelekea pande tatu, kimoja kikituma wakati kingine kinasikiliza, anayesikiliza anakuwa kiziwi. Vifaa vyenye uwezo wa kufuata saa ya setilaiti za GPS hupangwa vyote vitume kwa sekunde ileile na vyote visikilize kwa sekunde ileile. Ugumu ni kwamba vifaa vya makampuni tofauti mara nyingi havielewani saa hizo. Majirani wakishauriana kabla ya kununua, wanaweza kuchagua vinavyoelewana.

Kuongeza nguvu ni sumu

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuongeza nguvu ya kutuma. Kwa siku chache inaonekana kusaidia. Kisha jirani naye anaona huduma yake imeanguka, naye anaongeza. Mwisho wa mbio hizo kila mmoja yuko alipoanzia, ila sasa kelele yao inafika kijiji cha tatu ambacho hakikuwa na ugomvi na mtu. Tena kifaa kilicho karibu kikipigwa mawimbi makali kupita kiasi, kinalemewa na kusikia vibaya zaidi. Kanuni ya mafundi waangalifu ni kutumia nguvu ndogo inayotosha, ikiwa na akiba kidogo.

Mbio hizi zina mantiki yake, na hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Mtoa huduma mdogo ana mkopo wa vifaa na wateja wanaotishia kuhama. Akipunguza nguvu peke yake, anaumia peke yake. Hakuna anayefaidika kuwa mwungwana wa kwanza. Ndiyo maana tatizo hili haliwezi kuachwa kwa fundi mmoja mmoja, hata awe hodari namna gani.

San Juan ilivyofanya

Gharama ya vurugu ilionekana wazi Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani. Mwaka 2009, rada inayolinda ndege karibu na jiji la San Juan ilianza kuonyesha alama zisizoeleweka. Rada hiyo hutambua upepo wa ghafla unaoweza kuangusha ndege inapotua. Wachunguzi walifuatilia na kukuta chanzo ni vifaa vya intaneti vya gigahezi 5 vilivyofungwa sehemu za juu.

Kisheria vifaa hivyo vilitakiwa kuisikiliza rada na kuhama vinapoisikia. Sharti la kulinda rada hivyo liliwekwa kimataifa mwaka 2003, mkutano wa dunia wa masafa ulipofungua sehemu kubwa ya gigahezi 5 kwa mitandao isiyo na waya. Lakini baadhi ya vifaa vilikuwa vimepangwa vibaya na uwezo huo haukufanya kazi. Watoa huduma kadhaa walipigwa faini.

Faini hazikuwa mwisho. Mwaka 2010 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilielekeza kwamba kifaa kilicho ndani ya kilomita 35 kutoka kwenye rada ya aina hiyo kikae angalau megahezi 30 mbali na masafa yake. Na chama cha watoa huduma wa intaneti isiyo na waya kikasaidia kuanzisha daftari la hiari, ambapo kila mwenye kifaa karibu na rada anaandika kipo wapi na kinatumia masafa gani.

Sisi pia tuna rada za Mamlaka ya Hali ya Hewa, zikiwamo za Dar es Salaam na Mwanza, na utabiri wa mvua ni mali ya mkulima kabla ya kuwa mali ya mtu mwingine. Fundi anayebadilisha nchi kwenye menyu ya kifaa ili apate nguvu zaidi au chaneli zaidi anavunja masharti hayohayo yaliyovunjwa San Juan. Lakini funzo kubwa zaidi ni lile daftari. Watu waliokuwa wanagombana walianza kuandika.

Nani apange kilima chetu?

TCRA ipo, ina ofisi za kanda ikiwamo Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma, na ndiyo mwenye mamlaka ya kushughulikia kifaa kisichothibitishwa au kinachozidi nguvu inayoruhusiwa. Anayelalamika huanza kwa mtoa huduma wake, na asiporidhika hupeleka suala kwa mamlaka. Lakini kwenye masafa ya wazi kuna kikomo. Kanuni inayofuatwa duniani ni kwamba kifaa kisicho na leseni hakidai ulinzi. Ikiwa majirani wawili wote wako ndani ya sheria na bado wanagongana, hakuna mwenye kosa la kuadhibiwa.

Kungoja nafasi mpya nako si jibu la haraka. Nchi mbalimbali zimefungua sehemu ya gigahezi 6 kwa Wi-Fi, lakini katika mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, kipande cha juu cha masafa hayo kwa Afrika na Ulaya kilitambuliwa kwa ajili ya mitandao ya simu. Na nafasi mpya isiyo na utaratibu itajaa kama ya zamani.

Kwa hiyo linabaki pengo ambalo kijiji kinaweza kuliziba, kwa sababu mara nyingi kilima ni ardhi ya kijiji. Anayetaka kufunga mnara anakuja ofisini kuomba eneo. Hapo serikali ya kijiji ina nguvu ambayo bado haijaitumia. Mikataba mingi inazungumzia kodi na uzio, haisemi neno kuhusu masafa. Mambo manne yanaweza kuongezwa bila kuhitaji mhandisi.

Kwanza, kila anayefunga kifaa aandike kwenye daftari la kilima: masafa, upana wa chaneli, uelekeo wa dishi, mlalo, nguvu ya kutuma na namba ya simu ya fundi. Pili, mgeni apime hewa na kuleta picha ya vipimo kabla na baada ya kufunga. Tatu, akileta madhara kwa aliyetangulia, awe na siku maalumu za kurekebisha. Nne, wahusika wote wakutane mara moja kwa mwaka, na kila anapokuja mgeni.

Wapo watakaosema daftari hilo litampa nafasi aliyetangulia kumfungia mlango mpinzani wake. Hoja ni ya kweli. Tiba yake ni kuandika kwamba hakuna anayemiliki chaneli, na aliyekalia megahezi 80 aweze kuombwa apunguze ili mwingine apate 20. Mwenye shamba la juu hanywi mfereji wote kwa sababu alifika mapema.

Na wewe mtumiaji una kazi yako. Intaneti ikisumbua, andika tarehe na saa kwa wiki mbili. Muulize mtoa huduma maswali matatu: kiungo chako kinatumia masafa gani, kina upana gani, na ulipima hewa lini mara ya mwisho? Asiyeweza kujibu hata moja anakuuzia kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiangalia. Nyumbani, kama ruta yako iko kwenye chaneli ya 3 au ya 8, ihamishie 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na uzime ruta ya zamani usiyoitumia.

Mkutano mkuu wa kijiji ujao, ajenda ya minara ikifika, wengi watauliza kodi ni shilingi ngapi. Anyooshe mkono mmoja aulize na daftari la masafa liko wapi.